Yuniti ya Honi: Kuifungua, Kuisafisha na Kuifunga Upya

Spika ya honi hupitisha sauti kwenye tarumbeta kabla ya kuiachia hewani. Katika mji wa Morogoro na vijiji vya Milima ya Uluguru, ndiyo inayosikika ikitoa adhana kutoka minarani, ikipita mitaani juu ya gari la matangazo, au ikifikisha hotuba kwa umati kwenye mkutano wa hadhara. Honi iliyotunzwa hufanya kazi kwa miongo kadhaa, kwa kuwa kiini chake, yaani yuniti, kimeundwa ili kifunguliwe na kutengenezwa.

Ndani ya yuniti mna sumaku nzito iliyokamatwa na vyuma, na kati ya vyuma hivyo kuna mwanya mwembamba wa duara. Humo huning'inia koili ya waya mwembamba iliyogundishwa kwenye diaframu, utando mwepesi wenye umbo la kuba. Umeme wa amplifaya ukipita kwenye koili, diaframu hutetemeka na kuisukuma hewa kwenye njia nyembamba inayoingia shingo ya honi. Honi hupanuka polepole hadi mdomoni, hivyo mtetemo mdogo wa diaframu huishika hewa barabara. Ndiyo maana wati chache hutosha kusikika mbali. Muundo huu ulikomazwa katika maabara za Bell nchini Marekani na E. C. Wente na A. L. Thuras, na yuniti yao, Western Electric 555, ilitumika katika sinema za kwanza zenye sauti mwaka 1926.

Adui wa kwanza wa yuniti huku Uluguru ni unyevu. Miteremko ya mashariki, upande wa Matombo na Kinole, hupokea mvua nyingi inayoletwa na pepo za Bahari ya Hindi, na chuma cha mwanyani hushika kutu. Mjini, vumbi la kiangazi hupenya kwenye mipira ya kuziba iliyochakaa. Adui mwingine ni amplifaya inayolazimishwa kupita uwezo wake: sauti hukwaruza, koili hupata joto, gundi huungua na waya hukatika.

Kabla ya kufungua chochote, koili hupimwa kwa mita. Kama honi ina transfoma ya laini ya volti 100, waya wa yuniti hutenganishwa kwanza, la sivyo kinachopimwa ni transfoma. Yuniti ya omu 16 kwa kawaida husoma kati ya omu 11 na 14, na ya omu 8 husoma kama 6. Mita isiposoma kitu, waya umekatika. Ikisoma vizuri lakini sauti inakwaruza, huenda koili inagusa chuma au mwanya una uchafu.

Kazi ya kufungua hufanyiwa juu ya meza isiyo na chembe za chuma, maana sumaku huzivuta papo hapo. Mkao wa kifuniko na wa diaframu hutiwa alama, skrubu hulegezwa, kisha diaframu huinuliwa wima bila kupindishwa. Sumaku yenyewe haibanduliwi: yuniti nyingi za zamani zina sumaku ya alniko, ambayo hupoteza nguvu ikitenganishwa na vyuma vyake.

Kupuliza hakuusafishi mwanya, kwa kuwa chembe za kutu hunaswa na sumaku. Kipande cha kadi nyembamba huvishwa selotepu, upande wa gundi ukiwa nje, kikatelezeshwa mwanyani kuuzunguka wote. Selotepu hubadilishwa na kazi kurudiwa hadi itoke safi.

Diaframu mpya lazima ilingane na ya zamani kwa omu na kwa kipenyo cha koili. Hushushwa taratibu hadi ikae yenyewe, kisha skrubu hukazwa kidogo kidogo kwa kukingamana, kama nati za gurudumu la gari. Mlio wa chini hupigwa wakati wa kukaza. Mkwaruzo ukisikika, skrubu hulegezwa na diaframu kusogezwa kidogo. Nyaya huchomelewa kwa risasi zikifuata alama za chanya na hasi. Honi mbili za jirani zikiunganishwa kinyume, sauti zake hudhoofishana.

Majaribio ya sauti kubwa husubiri yuniti irudishwe kwenye honi, kwa sababu bila honi diaframu hukosa hewa ya kuizuia na huweza kupasuka. Sauti nzito pia hupunguzwa kwenye amplifaya, au kapasita hufungwa kwenye waya. Mwisho, mpira wa kuziba uliochakaa hubadilishwa, mdomo wa honi huinamishwa kidogo ili maji ya mvua yatoke, na waya huachiwa kitanzi chini ya yuniti ili matone yadondokee hapo badala ya kuingia ndani.