Hasheem Thabeet: Sentimita 221 na Miaka Kumi Iliyokosekana

Jioni ya Februari 16, 2009, mjini Hartford, Hasheem Thabeet alikuwa anatimiza miaka 22. Timu yake ya Chuo Kikuu cha Connecticut ilikuwa inaongoza orodha ya vyuo vyote vya Marekani, na wageni walikuwa Pittsburgh. Mchezo haujakolea, yeye na DeJuan Blair wa Pittsburgh wakagombania ribaundi, mikono ikanasana. Blair alikuwa mfupi kwake kwa takribani sentimita 20. Aliinama, akakishusha kiuno chini ya kiuno cha Mtanzania yule, akauvuta mkono na kumpitisha juu ya bega kama kuli anayetua gunia. Hasheem akatua sakafuni.

Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem aliambulia pointi 5 na ribaundi 4, na Pittsburgh wakashinda 76 kwa 68.

Miezi minne baadaye, kwenye drafti ya NBA, zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya, jijini New York, usiku wa manane kwa saa za Dar es Salaam, Hasheem aliitwa wa pili. Blair alisubiri hadi nafasi ya 37. Timu zote zilikuwa zimeuona mchezo wa Hartford. Ziliona kiuno kilichoinuliwa kirahisi na miguu isiyojua isimame wapi, zikaona pia sentimita 221. Zilipopima, sentimita zikashinda.

Vijiweni kwetu habari ya Hasheem husimuliwa kama habari ya mtu aliyeshuka: alifika juu, akabweteka, akaporomoka. Masimulizi hayo ni matamu, ila hayalingani na kumbukumbu za uwanjani. Mtu hushuka kutoka mahali alipowahi kusimama. Hasheem hakuwahi kusimama kwenye NBA. Alipandishwa huko na urefu wake, kabla ujuzi haujamfikia, na kilichofuata ni mwili kulipa deni la miaka ambayo haukufundishwa.

Tuanze na ukubwa wa alichokuwa chuoni, maana bila hicho uchambuzi unakuwa kejeli. Hasheem aligusa mpira wa kikapu kwa dhati akiwa na takribani miaka 15, Dar es Salaam. Akapita shule kadhaa za Marekani, na mwaka 2006 akafika Connecticut kwa kocha Jim Calhoun. Kwa misimu mitatu alizuia mitupo zaidi ya 400. Mwaka 2008 na 2009 alikuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East, iliyokuwa ngumu kuliko nyingi, na msimu wa mwisho akagawana na Blair yuleyule tuzo ya mchezaji bora. Wastani wake ulikuwa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 iliyozuiwa kwa mchezo. Timu ikafika nusu fainali ya taifa. Hayo hayakuwa bahati.

Ila tazama namna yalivyopatikana. Connecticut walimjengea ulinzi mahsusi. Mabeki wa nje hawakuogopa kupitwa. Waliwaachia wapinzani wapenye, kwa sababu chini ya ringi kulikuwa na mtu wa kusubiri. Kazi ya Hasheem ilikuwa kusimama, kuinua mikono na kupima muda. Aliifanya vizuri mno. Kuteleza pembeni kwa hatua fupi, kupokea pasi ya haraka akiwa anakimbia, kusukumana kwa nyonga na mtu mwenye kilo nyingi chini: hayo hayakuwa na haraka, kwa kuwa timu ilikuwa inashinda.

Kisha sheria ikabadilika chini ya miguu yake. NBA ina kanuni ambayo mchezo wa vyuo hauna: mlinzi haruhusiwi kukaa ndani ya eneo la chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu kwa karibu. Kwa mchezaji wa kawaida ni usumbufu mdogo. Kwa Hasheem ilikuwa kama kumwambia golikipa asikae golini. Alilazimika kutoka, kurudi, kutoka tena, na kila akitoka alikutana na skrini: senta wa upinzani anasimama kama nguzo mbele ya mlinzi, beki anapita kwa kasi, na mrefu wetu anatakiwa achague ndani ya nukta moja amfuate nani. Miguu inayochelewa huishia kushika kwa mikono, na mikono inayoshika huitiwa faulo. Msimu wake wa kwanza alicheza michezo 68, wastani wa dakika 13, pointi 3.1 na ribaundi 3.6.

Sababu ya pili ilikuwa kiti. Memphis Grizzlies waliomchagua tayari walikuwa na senta, Marc Gasol, Mhispania ambaye miaka minne baadaye angetajwa mlinzi bora wa NBA. Julai 2009 wakamleta pia mrefu mwingine, Zach Randolph. Timu ile ilikuwa inapanda, na timu inayopanda haina dakika za kumfundishia mtu kazi akiwa kazini. Februari 2010 Hasheem alipelekwa kwa muda Dakota Wizards, mjini Bismarck, kwenye ligi ya maendeleo. Hadi wakati huo hakuna aliyewahi kuchaguliwa nafasi ya juu kama yake akapelekwa huko. Kupelekwa kule kungeweza kusomwa kama darasa, lakini magazeti yaliisoma kama hukumu, kwa kuwa namba 2 hatarajiwi kuwa mwanafunzi.

Hapo ndipo namba ile ilipomgeukia. Angechaguliwa wa 25, watu wangesema mrefu huyu anahitaji miaka mitatu. Ila mbele yake alikuwa Blake Griffin, nyuma yake mara moja James Harden, na nafasi ya saba Stephen Curry. Kila Curry alipotupia pointi tatu, mtu fulani Memphis alikumbuka orodha ile. Hasheem hakupimwa kwa alichofanya jana yake. Alipimwa kwa walichofanya wenzake.

Safari zilizofuata zinasomeka kama daftari la bei. Februari 2011 Memphis walimpeleka Houston Rockets, wakamwongezea mchezaji mwingine na chaguo la raundi ya kwanza, ili kumrudisha Shane Battier, mkongwe wa kazi chafu za ulinzi. Majira yaleyale Battier aliwafungia Memphis mtupo wa ushindi dhidi ya San Antonio, na timu ya nafasi ya nane ikaing'oa timu ya kwanza. Houston, Hasheem alicheza michezo 7 tu kwa misimu miwili. Machi 2012 Houston wakamtoa pamoja na Jonny Flynn, aliyechaguliwa wa sita usiku uleule wa 2009, wakaongeza na chaguo la raundi ya pili, kumpata Marcus Camby wa Portland. Camby alikuwa anakaribia miaka 38. Naye alikuwa namba 2, wa mwaka 1996. Namba 2 mzee alikuwa na thamani kuliko namba 2 kijana, kwa sababu mzee alijua wapi pa kuweka miguu.

Portland michezo 15. Kisha Julai 2012 akasaini Oklahoma City Thunder, na msimu uliofuata ndio unaopaswa kuangaliwa kwa makini kuliko yote, japo ndio usiosimuliwa. Alicheza michezo 66, dakika 11.7 kwa wastani, pointi 2.4, ribaundi 3. Tarakimu ndogo, lakini mpangilio ulikuwa sahihi: timu kubwa, senta Kendrick Perkins mbele yake, kazi fupi inayoeleweka, hakuna anayemtaka awe mwokozi. Kwa mara ya kwanza alipewa kazi inayolingana na ujuzi wake, na akaifanya. Majira ya joto yaliyofuata Thunder wakamchagua Steven Adams, kijana wa New Zealand mwenye kiuno kama mzizi wa mbuyu, aliyetokea Pittsburgh, chuo kilekile cha Blair. Michezo ya Hasheem ikaporomoka hadi 23. Agosti 2014 akauzwa Philadelphia, wakamwachia. Akajaribu Detroit, wakamkata kabla msimu haujaanza. Mlango wa NBA ukafungwa akiwa na miaka 27 na jumla ya michezo 224.

Wanaosema hakuwa na njaa wajibu swali hili: kwa nini hakuacha? Aliyeanza kazi kwa zaidi ya dola milioni 4 kwa msimu alikwenda Grand Rapids kwenye ligi ya maendeleo. Msimu wa 2017/18 alikuwa Yokohama, Japani. Msimu wa 2019/20, akiwa amevuka miaka 32, alirudi tena Marekani kuchezea Fort Wayne Mad Ants, mahali ambapo mshahara wa kawaida ulikuwa dola 35,000 kwa msimu mzima. Baadaye Hsinchu, Taiwan. Mtu asiye na njaa haendi Fort Wayne wakati wa baridi kupanda basi na vijana waliozaliwa baada yake kwa miaka kumi.

Pingamizi zito zaidi ni jingine. Hakeem Olajuwon naye alianza kikapu Lagos akiwa na takribani miaka 15, na akawa mmoja wa masenta wakubwa wa dunia. Dikembe Mutombo wa Kongo alichelewa pia. Basi kuchelewa peke yake si jibu, na anayetumia kuchelewa kama kisingizio amerahisisha mambo. Tofauti iko kwenye kilichojaza miaka iliyotangulia na iliyofuata. Olajuwon alikuwa golikipa wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono. Miguu yake ilishajua kugeuka, kusimama ghafla na kuondoka kabla hajauona ubao wa kikapu. Alipofika Houston, alitumia majira ya joto akipigwa viwiko na Moses Malone kwenye ukumbi wa mtaani, mchezaji bora wa NBA akimfundisha kwa maumivu. Mutombo aliingia NBA mwaka 1991 akiwa na miaka 25, kwenye timu dhaifu ya Denver isiyokuwa na mwingine wa kumpa dakika; alikosea mbele ya watu, akajirekebisha mbele ya watu. Hasheem alikosa vyote viwili: msingi wa miguu utotoni, na uwanja wa kukosea ukubwani.

Kikaja na cha tatu, kisichokuwa kosa la mtu yeyote. Mchezo wenyewe ulihama. Msimu aliouanza, timu ya NBA ilitupa kwa wastani mitupo 18 ya pointi tatu kwa mchezo. Miaka tisa baadaye ilikuwa 32. Curry, namba 7 wa usiku ule, ndiye aliyeongoza kuhamisha vita kutoka chini ya ringi kwenda mita saba nje. Senta aliyekuwa mlinzi wa mlango alijikuta mlango umehamishiwa uani. Hata kama Hasheem angekamilisha masomo yake mwaka 2014, angehitimu kazi ambayo soko lake lilikuwa linafungwa.

Sisi tulijifunza nini? Kidogo mno. Akipita kijana mrefu Kariakoo au Mwanza, bado watu humwambia kwa mzaha: kacheze kikapu, utajiri huo. Tunamwona Hasheem kama uthibitisho kwamba urefu unatosha kumfikisha mtu, wakati maisha yake yanaonyesha urefu unavyoweza kumtanguliza mtu mahali ambapo bado hajafika. Udongo uwahi ungali maji, wahenga walishamaliza. Shule zetu nyingi za msingi zina magoli mawili ya soka na hazina ubao mmoja wa kikapu. Kijana wa Kitanzania mwenye kipaji huanza pale pale Hasheem alipoanzia, miaka 14 au 15, mara nyingi kwa sababu mtu fulani amemwona barabarani na kushtuka. Miaka kumi ya kuruka kamba, kudaka, kugeuka na kuanguka vizuri haiwezi kununuliwa baadaye, hata na Memphis, hata kwa mamilioni.

Hasheem bado ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, na sifa hiyo haina wa kuipunguza. Safari yake imemrudisha nyumbani, akivaa jezi ya Dar City kwenye mashindano ya Afrika akiwa karibu na miaka 40. Kuna jambo dogo katika marejeo hayo ambalo watazamaji wengi hawalitambui. Kanuni za kimataifa, zinazotumika kwetu kama zilivyotumika Yokohama, hazina ile sheria ya sekunde tatu kwa mlinzi. Hapa anaruhusiwa kusimama. Anarudi taratibu chini ya ringi, anageuka, anainua mikono, na beki wa upinzani aliyekuwa anakuja kwa kasi anapunguza mwendo, anatazama juu, anarudisha pasi nje. Kazi hiyo anaijua. Aliijua hata usiku ule wa drafti, na ndiyo peke yake aliyokuwa ameshafundishwa.