Kichupa hakiongezi petroli tangini

Kila Jumatatu na Alhamisi soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, hufurika watu kutoka pembe zote za Gusii. Aliyeleta ndizi, maparachichi au kuku huketi kando ya bidhaa yake akamngoja mnunuzi, wala hana haja ya kupaza sauti, maana ndizi hujieleza yenyewe. Asiyetulia ni mwenye kipaza sauti. Huyo huuza sumu ya panya, dawa ya meno na dawa ya mgongo, na nimemsikia akiuza pia kichupa cha maji ya rangi ambacho, kwa maneno yake, kikimiminwa tangini humpunguzia mwenye gari thuluthi nzima ya petroli. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sishangai kwamba kichupa hicho kinapata wanunuzi. Kijana aliyechukua pikipiki kwa mkopo huhesabu faida yake kwa shilingi moja moja. Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) inapotangaza bei mpya, yeye husikiliza kama mshtakiwa anayesomewa hukumu. Mnamo Julai 2023 ushuru wa ziada ya thamani kwa mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na Oktoba mwaka uo huo lita ya petroli jijini Nairobi ikafika shilingi 217.36. Mtu aliyebanwa hivyo akiahidiwa nafuu, hukimbilia kuamini kabla ya kuuliza.

Basi na tuulize kwa niaba yake. Hoja ya muuzaji ni kwamba petroli nyingi hupita injinini bila kuungua ikapotea pamoja na moshi, na kwamba dawa yake huiunguza yote. Hoja hii husikika kuwa ya busara, lakini haina msingi. Injini ya gari iliyo nzima huunguza takriban petroli yote inayoingizwa ndani yake. Kisichoungua ni sehemu ndogo, kama asilimia mbili hivi. Hata dawa ingekuwa na nguvu za miujiza, haiwezi kuokoa thuluthi mahali palipobaki asilimia mbili tu.

Ni kweli kwamba injini ya petroli hugeuza robo hadi thuluthi tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa ya iliyosalia huondoka ikiwa joto, kupitia rejeta na bomba la moshi. Lakini joto hilo limetokana na petroli iliyokwisha kuungua. Kulipunguza kunahitaji injini iliyoundwa kwa namna nyingine, na hiyo ni kazi ya kiwanda. Viwanda vya magari hushindana usiku na mchana kwa ajili ya nafuu ya asilimia moja au mbili. Kama kichupa cha shilingi mia chache kingeleta thelathini, kampuni zipi zingekiachia mchuuzi wa sokoni?

Wenzetu wa ng'ambo walikwisha kupimiwa jambo hili. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani limechunguza vifaa na dawa zaidi ya 100 zilizodaiwa kupunguza matumizi ya petroli, na halikupata hata kimoja kilicholeta nafuu ya maana. Mwaka wa 2006 Mkuu wa Sheria wa jimbo la Texas aliishtaki kampuni ya BioPerformance, iliyokuwa ikiuza vidonge vya kutiwa tangini. Uchunguzi ulionyesha kuwa vidonge hivyo vilikuwa hasa nafthalini, yaani kitu kile kile tunachokitia kabatini ili nondo wasile nguo.

Sisemi kwamba kila kinachotiwa katika petroli ni ulaghai. Zipo dawa za kusafisha njia za mafuta, nazo huweza kurudisha nguvu iliyopotea kwa uchafu. Lakini kurudisha kilichopotea si kuongeza kisichokuwapo. Ipo pia madini ya risasi, ambayo mwaka wa 1921 iligunduliwa kuwa huzuia injini kugonga, na kwa miongo mingi ikachanganywa na petroli duniani kote. Hiyo ilifanya kazi kweli, ila malipo yake yalikuwa sumu katika damu ya watoto, hata nchi zetu zilizo kusini mwa Sahara zikaiacha kufikia mwanzoni mwa 2006. Kwa hiyo hata dawa ikifanya kazi, bado lipo swali la pili: inamgharimu nani?

Msomaji ataniuliza, mbona fulani ameitumia akaona tofauti? Huenda ameiona kweli, ila si kazi ya kichupa. Aliyetoa fedha zake kununua nafuu huanza kuendesha kwa upole, huku akiitazama geji kila mara. Tena barabara zetu hudanganya. Ukitoka Kisii kwenda Keroka unapanda. Ukielekea Oyugis unateremka. Leo matatu imejaa abiria na magunia ya viazi, kesho ina watu wanane. Katika hali kama hiyo mtu anaweza kumwaga maji ya mto Gucha chupani, ayaite dawa, na asikose shahidi wa kumsifu.

Ipo njia ya kupima isiyohitaji maabara. Jaza tangi hadi pomoni, andika kilomita, fanya safari zako za kawaida kwa juma zima, kisha jaza tena uandike lita zilizoingia. Fanya hivyo majuma manne bila dawa na manne ukiwa na dawa, katika barabara ile ile na kwa mzigo unaokaribiana. Ikiwezekana, dereva asijue juma lipi lina dawa. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hawezi kulichukia jaribio hilo.

Wakati huohuo, fedha za kichupa zina kazi nyingine. Upepo wa tairi ukipungua, petroli huongezeka. Chujio la hewa likiziba, plagi zikichakaa au kabureta ikilegea, fundi wa kawaida huweza kutibu. Na tusisahau mchanganyiko uliotusumbua zaidi nchini: petroli na dizeli zilizotiwa mafuta ya taa. Mnamo Septemba 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuiua biashara hiyo. Injini ikianza kukohoa baada ya kujaza mahali fulani, dawa ya kwanza ni kuhama kituo.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari za bidhaa anayouziwa, na kinaliagiza Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki na ya ukweli. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 nayo inakataza madai ya uongo. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha ni wa muuzaji, wala si wa kijana wa bodaboda. Akidai thuluthi, na aonyeshe vipimo. Asipokuwa navyo, tukumbuke kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na kwamba petroli ni mali.