Helikopta Ikitua Kijijini

Mara nyingi hapa tunazungumza juu ya malaria, kuhara na maji ya kuchemsha. Leo tunazungumza juu ya helikopta. Usishangae. Jeraha nalo ni jambo la afya.

Pemba ndege hutua kwenye kiwanja cha Wawi, karibu na Chake Chake. Lakini helikopta haihitaji njia ndefu ya kurukia. Inaweza kutua kwenye uwanja wa mpira, ikileta viongozi au ikichukua mgonjwa. Ikisikika tu, watoto hukimbia kuifuata, na wakubwa wako nyuma yao. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Helikopta ina mapanga juu na mkiani. Katika helikopta ndogo, mapanga ya juu huzunguka kiasi cha mara 400 kwa dakika. Ya mkiani huzunguka mara 2,000 au zaidi. Kitu kinachozunguka hivyo hakionekani. Utadhani pale mkiani hapana kitu, nawe ukipita utakatwa. Kwa hiyo usipite nyuma ya helikopta hata kidogo.

Je, injini ikizimwa hatari imekwisha? Hapana. Mapanga huendelea kuzunguka kwa muda, na kadiri yanavyopunguza mwendo ndivyo yanavyolegea na kushuka. Upepo ukivuma yanaweza kufika usawa wa kichwa. Mwezi wa Julai 2022, karibu na Athens, Ugiriki, kijana mmoja Mwingereza alikwisha kuteremka salama. Mapanga yalikuwa bado yanazunguka. Yalimpiga, akafa.

Kisiwa chetu ni cha vilima na mabonde. Helikopta ikitua penye mteremko, upande wa juu mapanga huwa karibu na ardhi. Mtu anayeshuka kilima kuifuata huyaendea kwa kichwa chake. Ngoja mbali, upande wa chini, mahali ambapo rubani anakuona. Usisogee mpaka yeye au msaidizi wake akuite kwa mkono. Ukiitwa, nenda umeinama. Kofia, kanga na mwavuli viache nyuma.

Tena usiishike inapopaa. Mwezi wa Mei 2016, mjini Bungoma, Kenya, helikopta ilikuwa imebeba maiti ya mfanyabiashara Jacob Juma. Mtu mmoja akaning'inia kwenye chuma cha chini, ikaruka naye. Alianguka, akaumia, akalazwa hospitali. Watu walicheka walipoona picha zake. Angeweza kufa.

Upepo wake nao ni mkali. Kama mmeanika karafuu karibu, kunjeni majamvi mapema. Mabati na makuti yaliyolegea yaondolewe. Sheha anaweza kuweka watu wazima wa kuwazuia watoto, na mbuzi wafungwe. Mchanga ukiingia jichoni usisugue. Osha kwa maji safi mengi.

Mtu akipigwa, usimkimbilie mapanga yakiwa bado yanazunguka. Yakisimama, bana jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, na usiachie. Aliyeumia kichwa au shingo asiinuliwe ovyo. Mpelekeni hospitali upesi.

Na kama umeitwa kubeba mgonjwa, machela ibebwe chini, usawa wa kiuno. Anayeshika chupa ya dripu asiinyanyue juu ya kichwa chake.