Mchakamchaka Ukingoni mwa Kagera

Msafiri atokaye Buseresere kwenda Mutukula hupita Biharamulo na Muleba, huingia Bukoba, kisha hushika barabara ya Kyaka, na hapo huuvuka Mto Kagera kwa muda mfupi mno. Basi halisimami. Abiria wengi huwa wamesinzia, na walio macho huona maji yenye rangi ya udongo, mafunjo, na daraja kama madaraja mengine. Mimi nami nimepita hivyo mara nyingi. Lakini mapema mwaka huu nilishuka Kyaka, nikalala hapo, na baada ya sala ya alfajiri nikavaa raba, nikashuka ukingoni na kuanza kukimbia.

Njia yenyewe ni nyepesi. Ni kijia cha wakulima na wavuvi, kisicho na mlima wa kumkatisha mtu pumzi, na udongo wake ni laini kwa magoti ya mtu aliyekwisha kuvuka miaka arobaini. Nilikwenda kwa mwendo ule wa mchakamchaka tuliofundishwa shuleni. Mbele kidogo mtoto mmoja aliyekuwa akienda shule alinifuata mbio, akaniamkia, kisha akauliza: “Mzee, unamkimbia nani?”

Swali hilo lilinisimamisha. Maana mahali pale watu walipata kukimbia kweli, nao walikuwa na wa kumkimbia.

Ndugu wasomaji, yafaa tukumbushane. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yote iliyo kati ya mpaka na Mto Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo ni mali ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa kwa baruti. Wananchi kwa maelfu walikuwa wamekimbilia kusini, mama na mtoto mgongoni, mzee na mkongojo wake. Waliochelewa upande wa pili waliuawa, waliporwa ng’ombe, na wengine walichukuliwa mateka. Kabla mwezi ule haujaisha, wanajeshi wetu walikuwa wamekwisha kuuvuka mto, na tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ukaanguka. Baadhi ya mashujaa wetu wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na gofu la kanisa lililobomolewa Kyaka lingali limesimama.

Sisi wa Buseresere tusidhani kwamba hayo ni ya wengine. Wakati wa vita tulikuwa wilaya ya Biharamulo, katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao mwaka 1979 ulipewa jina la mto huu. Kwa zaidi ya miaka 30, hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, Kagera lilikuwa jina letu sote.

Wala ndugu zetu wa visiwani, wa Ukerewe, Kome na Maisome, wasiulize mto huo unawahusu nini. Hakuna mto mwingine uletao maji mengi katika Ziwa Victoria kuliko Kagera. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, mto huu ulishusha miili ya binadamu hadi ziwani, na walaji wakaogopa samaki. Kwa hiyo linalotokea katika kingo za Kagera huwafikia wanavisiwa ndani ya nyavu zao. Mto ukitunzwa, ziwa limetunzwa.

Neno langu kwa viongozi ni fupi. Kumbukumbu ya vita haihitaji ukuta mkubwa wala fedha nyingi. Kijia kile kisafishwe na kuwekewa alama, kianzie darajani na kurudi darajani. Kipitishwe mbali na mafunjo, kwa sababu mamba na viboko hawajui mkimbiaji ni nani. Liwekwe bao lenye tarehe nilizozitaja, kwa Kiswahili kinachosomeka na mtoto. Shule ziende huko kwa zamu, watoto wakimbie mchakamchaka, kisha wakae chini wamsikilize mzee aliyeyaona mambo hayo kwa macho yake, maadamu wazee hao wangali hai. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Njia ya miguu isiyojengwa wala kulimwa inaweza kwenda pamoja na sheria hiyo, tena itakuwa macho ya wananchi juu ya wanaoivunja.

Wako watakaosema kwamba kukimbia ni mchezo wa wenye nafasi. Sivyo. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, ni mtoto wa Majita, kando ya ziwa hili hili. Wala lengo si kuchochea chuki. Tangu mwaka 2017 Tanzania na Uganda zina kituo cha pamoja cha mpakani Mutukula, na malori hupita daraja la Kyaka usiku na mchana. Amani hiyo ndiyo inayostahili kujulikana bei yake.

Yule mtoto nilimjibu hivi: “Mwanangu, zamani babu zako walikimbia hapa kwa kuwa walifukuzwa. Mimi leo nakimbia kwa kuwa hakuna anayenifukuza.” Alinitazama kidogo, akaufunga vizuri mfuko wake wa madaftari, na tukaenda pamoja hadi darajani. Hapo akashika njia ya shule. Mimi nikabaki nikiyatazama maji yakielekea ziwani.