Je, Wajua? Ndani ya Mtungi wa Gesi Mna Kioevu

Ukitaka kujua kilichomo ndani ya mtungi wa kilo 6, ule unaopandishwa ngazi kila jioni katika maghorofa ya Pipeline, Kayole na Umoja hapa Eastlands, Nairobi, utikise kidogo. Utasikia kitu kikichezacheza ndani. Dukani tumeagiza gesi na tumelipia gesi, lakini kinachobebwa begani hadi orofa ya tano ni kioevu. Gesi yenyewe imejibanza juu yake, katika nafasi ndogo karibu na mdomo wa mtungi.

Kioevu hicho ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka ikiwa nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani karibu na sifuri yenyewe. Nairobi haijawahi kuwa na baridi ya namna hiyo, hata katika ile Julai ya koti na kofia. Kwa hiyo humu mwetu, vitu hivi viwili vikiachwa wazi ni gesi tu. Vimekuwa kioevu kwa sababu vimeshindiliwa ndani ya chuma. Shinikizo la propani peke yake katika nyuzi 25 hukaribia mara tisa na nusu ya lile la hewa iliyo usawa wa bahari, na la butani ni mara mbili na kitu. Mchanganyiko wetu huangukia katikati.

Ajabu ya mtungi ni kwamba hali zote tatu za maada zinaishi pamoja humo, na tofauti yake ni mwendo wa chembe. Chembe za chuma cha mtungi zimeshikana kila moja mahali pake. Hutetema usiku na mchana lakini hazihami. Chembe za kioevu ni kama watu wa soko la Gikomba siku ya Jumamosi: bega kwa bega, hakuna nafasi, na bado kila mmoja anapenya na kusonga mbele. Chembe za gesi zimeachana kabisa. Katika joto la kawaida la chumba, chembe ya propani huenda kwa kasi ya takribani mita 400 kwa sekunde, ambayo inaipita kasi ya sauti. Ila haifiki mbali: kabla ya kumaliza hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita imeshagongana na nyingine na kugeuzwa njia. Ndiyo maana harufu ya gesi inayovuja jikoni huchukua muda kufika kitandani, ingawa chembe zake zinakwenda kasi hiyo.

Pale juu ya kioevu kuna shughuli isiyokoma. Chembe zenye kasi zaidi huchomoka na kuwa gesi, nyingine huanguka na kurudi kuwa kioevu. Bomba likiwa limefungwa, zinazotoka na zinazorudi hulingana. Ukifungua na kuwasha, gesi inapungua, shinikizo linashuka kidogo, na papo hapo kioevu kinachemka ili kuziba pengo. Mtungi ukiwa umejaa au umebaki robo, shinikizo halibadiliki sana maadamu kioevu bado kipo. Kwa hiyo ule mwali wa buluu hauwezi kukuambia gesi imebaki kiasi gani, na ndiyo sababu gesi hutuishia ghafla, ugali ukiwa bado haujaiva.

Lakini mtungi wenyewe unaweza kukuambia. Kuchemka kunahitaji joto, na joto hilo kioevu hulichota kwenye chuma kinachokizunguka. Bandika maharagwe asubuhi yenye unyevu, uyaache moto mkubwa kwa muda, kisha pitisha kiganja ubavuni mwa mtungi kutoka juu kwenda chini. Utafika mahali chuma kinageuka baridi ghafla. Wakati mwingine utaona kwa macho: umande umetanda chini ya mstari ulionyooka, na juu ya mstari huo pakavu. Hapo ndipo kioevu kilipofikia. Hakuna kifaa cha kununua.

Kuna pia jambo la propani kutangulia. Kwa kuwa inachemka upesi kuliko mwenzake, hutoka kwa wingi mwanzoni, na kinachobaki chini mwishoni ni butani zaidi. Asubuhi za Julai butani hiyo huchemka kwa uvivu, na mwali unadhoofika. Watu wengi mitaani huutia mtungi kwenye beseni la maji ya moto, na ni kweli moto hurudi, kwa sababu joto limeziongezea chembe kasi. Mimi naliona jambo hilo kuwa la hatari isiyo na faida. Maji ya moto hupandisha shinikizo bila mtu kujua limefika wapi, na kinachookolewa ni gesi ya kikombe kimoja cha chai.

Shinikizo hilohilo ndilo linaloamua mambo hata ndani ya sufuria iliyo juu ya moto. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi badala ya 100. Githeri ya Dandora inachelewa kuiva kuliko ingepikwa Mombasa, na gesi inaliwa zaidi.

Sasa tuje kwenye hatari, maana hapo ndipo elimu hii inapookoa watu. Kioevu kikigeuka gesi, hupanuka mara 250 na zaidi. Mtungi uliosimama hutoa gesi. Mtungi uliolazwa hutoa kioevu, na kioevu hicho kikipita kwenye mpira na kufika kwenye moto, mwali hauna cha kuuzuia. Kuulaza ili umalizie yale mabaki ni kosa kubwa. Kosa la pili ni la wale wanaohamisha gesi vichochoroni, mtungi kwa mtungi, bila mizani. Mtungi hujazwa kioevu hadi asilimia 80 hivi, na pale juu huachwa nafasi, kwa kuwa kioevu hiki hutanuka sana kikipata joto. Ukijazwa pomoni halafu ukaachwa juani, kioevu hakina pa kwenda ila kukisukuma chuma.

Halafu kuna uzito. Propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, butani mara mbili. Ikivuja haipandi darini, hutambaa sakafuni: chini ya kitanda, nyuma ya kochi, kwenye godoro walikolala watoto. Nimepiga hesabu ya chumba kimoja cha futi 10 kwa 10 cha kwetu Eastlands, chenye kimo cha futi 8. Kilo moja tu ya gesi ikivuja na kuenea chumbani humo, inafika asilimia mbili na nusu hivi ya hewa yote. Mchanganyiko huanza kuweza kulipuka kwenye asilimia mbili. Na kwa kuwa gesi hulala chini, pale sakafuni inafikia kiwango hicho kwa kiasi kidogo zaidi.

Eastlands imeyaona haya kwa macho. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja kutoka kwenye bomba na kuingia mitaroni Sinai, karibu na barabara ya Lunga Lunga. Mvuke wake, ambao nao ni mzito kuliko hewa, uliwaka na takribani watu 100 wakafa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lililobeba gesi lililipuka eneo la Mradi, Embakasi. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli ilisema kuwa mwaka 2023 ilikataa maombi ya kujenga kituo cha kuhifadhi na kujaza gesi mahali pale, kwa kuwa watu walikuwa wengi mno karibu. Waliolala nyumba za jirani hawakuwa wameomba kibali chochote. Hilo linauma.

Propani na butani zenyewe hazina harufu. Ile harufu mbaya huongezwa makusudi, kwa kemikali iitwayo ethanethioli, ambayo pua huihisi hata ikiwa kidogo ajabu. Mazoea ya kutia harufu yalienea baada ya tarehe 18 Machi 1937, gesi asilia isiyonuka ilipolipua shule ya New London, Texas, Marekani, na kuua karibu watu 300, wengi wao wanafunzi.

Kwa hiyo ukinusa harufu hiyo usiku, usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima, na usiwashe kiberiti eti utafute inakovuja. Funga mtungi, fungua mlango kwanza kisha dirisha, kwa sababu gesi iliyo sakafuni hutokea mlangoni, utoe watoto nje. Asubuhi paka povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Na ukienda kununua mwingine, dai uwekwe kwenye mizani mbele yako: uzito wa chuma kitupu umechapwa kwenye mtungi wenyewe, ongeza 6.