Ziwa Natron: Safari inayopangwa kwa saa na lita, si kwa kilomita

Na Mwandishi Wetu, Arusha

MKAZI wa Daraja Mbili jijini Arusha anapotazama ramani, Ziwa Natron huonekana kuwa jirani. Kwa barabara inayopita Makuyuni na Mto wa Mbu, safari ni ya takriban kilomita 240, pungufu ya nusu ya umbali wa kwenda Dar es Salaam.

Hesabu hiyo ndiyo inayowaponza wengi.

Kila ifikapo Juni, shule zinapofungwa na ndugu walioko ughaibuni wanapokuja kupumzika, familia nyingi za mjini hutafuta mahali tofauti na hifadhi zilizozoeleka. Natron huwavutia kwa picha zake: ziwa jekundu, mlima unaotoa moshi na ufukwe mweupe usio na mnazi wala ngalawa.

Ni ufukwe wa jangwa. Anayeuendea kwa kuhesabu kilomita peke yake huweza kulala njiani, na mwandishi wa makala haya ni shahidi wa hilo.

Miaka kadhaa iliyopita tuliondoka mjini watu wanne kwa gari la kukodi lililokuwa na tairi moja tu la akiba. Pancha ya kwanza ilitukuta kabla ya Engaruka, ya pili ilitukuta mbele yake, majira ya saa 8 mchana. Hadi lori la mifugo lilipotokea, jua likikaribia kuzama, tulikuwa tumebakiwa na lita moja na nusu ya maji kwa watu wote wanne. Hakuna aliyedhurika, lakini hakuna pia aliyesahau.

Kwa nini ufukwe huu ni mgumu

Jiji la Arusha liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru. Ziwa Natron liko takriban mita 600, ndani ya Bonde la Ufa, karibu na mpaka wa Kenya. Msafiri huteremka mita 800, na kwa kuteremka huko huhama kutoka majira moja kwenda mengine.

Mwezi Julai, wakati wakazi wa Sakina na Ngaramtoni wanavaa makoti asubuhi, ufukweni Natron jua la mchana linaweza kufikisha joto la nyuzi 40. Wanaofungasha kwa kuangalia hali ya hewa ya mjini hubeba mablanketi mengi na maji machache.

Ziwa lenyewe halina mto unaotoka. Maji huingia kupitia Mto Ewaso Ng'iro unaotoka Kenya, pamoja na vijito na chemchemi za moto, na njia yake pekee ya kutoka ni kupanda angani kama mvuke. Chumvi na magadi vilivyoletwa na maji hayo hubaki.

Magadi hayo ni ndugu wa yale yanayotumiwa jikoni kulainisha maharage. Tofauti ni wingi wake. Ukali wa maji ya Natron hupita kipimo cha pH 10, wakati maji ya kawaida ya kunywa hukaribia 7. Maji hayo hayanyweki, hayafai kupoozea injini, na huwasha ngozi yenye mchubuko. Macho yakiguswa nayo hayana budi kuoshwa mara moja kwa maji safi.

Kwa maneno mengine, msafiri huyu huenda kando ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 50 huku akilazimika kubeba maji yake mwenyewe.

Saa za njiani

Kutoka Daraja Mbili gari hushika Barabara ya Dodoma kupitia Kisongo hadi Makuyuni, kisha hukata kulia kuelekea Mto wa Mbu. Sehemu hiyo yote ni ya lami na huchukua takriban saa mbili.

Kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka na hatimaye kijiji cha Ngaresero, kilicho kusini-magharibi mwa ziwa, mambo hubadilika. Sehemu kubwa ya njia ni ya changarawe, mawe makali ya volkano, mchanga na vumbi laini linalofunika mashimo. Umbali wake haupishani sana na ule wa lami, lakini wakati wa kiangazi huhitaji saa tatu hadi nne, na baada ya mvua hakuna anayeweza kuahidi saa.

Hivyo basi, anayetoka mjini saa 12 asubuhi huwa Mto wa Mbu saa 2, na hufika Ngaresero kabla ya saa 7 mchana, akiwa na saa tano za mwanga endapo gari litaharibika. Anayeondoka saa 5 hana akiba hiyo. Usiku, mifugo, pundamilia na twiga huvuka bila taratibu, na alama za njia hazionekani.

Njia ya pili hupitia Longido na Kitumbeine hadi Gelai, mashariki mwa ziwa. Ina watu wachache zaidi, na si ya mgeni anayesafiri kwa gari moja.

Somo la mwaka 2011

Watanzania wengi waliifahamu barabara ya Ngaresero mwaka 2011, wakati maelfu ya watu walipomiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, maarufu kama Babu, aliyefariki dunia Julai 2021.

Magari madogo ya mjini, mabasi na malori yalibeba wagonjwa kupita katika njia hiyo, miezi ya Machi na Aprili, wakati wa masika. Mengi yalikwama. Foleni zilifikia kilomita kadhaa, chakula na maji vikawa adimu, na baadhi ya wagonjwa walifia njiani kabla ya kumfikia mchungaji.

Yapo mengi yaliyojadiliwa kuhusu kikombe kile. Kuhusu barabara, somo ni moja: katika nyika ile idadi ya watu haileti usalama. Maji, mafuta na huduma ya afya visipobebwa au kupangwa mapema, umati huzidisha tu uhaba.

Hali ya barabara imeendelea kubadilika tangu wakati huo, na kipande cha kilomita 49 kati ya Wasso na Sale, juu ya ukingo wa bonde, kimewekwa lami. Hata hivyo, lami hiyo iko ng'ambo ya Ngaresero na haimsaidii anayetokea Mto wa Mbu.

Hesabu ya lita

Kwa maji ya kunywa na kupikia, kila msafiri atengewe lita tano kwa siku. Watu wanne kwa siku tatu wanahitaji lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Dumu la nne liwe la dharura na lisiguswe hadi siku ya kurudi.

Mafuta nayo hayana budi kuhesabiwa upya. Chukua mfano wa gari linalokwenda kilomita nane kwa lita kwenye lami. Katika mchanga na mawe, likitumia gia nzito, linaweza kushuka hadi kilomita tano. Kutoka Mto wa Mbu kwenda Ngaresero na kurudi ni takriban kilomita 240. Ukiongeza mizunguko ya kilomita 60 ziwani, unapata kilomita 300, sawa na lita 60. Akiba ya lita 20 juu yake si anasa. Tangi lijazwe Mto wa Mbu, na mafuta ya madumu vijijini yachukuliwe kama bahati, si mpango.

Gari liwe la juu na lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Libebe matairi mawili ya akiba, pampu ya upepo, koleo, kamba ya kuvutia na kipande cha ubao mnene cha kuwekea jeki, kwani jeki peke yake huzama mchangani. Kupunguza upepo wa matairi kidogo husaidia kuvuka mchanga, mradi pampu ya kuurudisha ipo.

Makorongo

Hatari isiyoonekana ni makorongo makavu yanayokatiza barabara. Mvua inaweza kunyesha katika nyanda za juu za Ngorongoro huku anga ya Engaruka ikiwa nyeupe, na maji yakateremka kwa ghafla yakiwa na mawe na magogo.

Kanuni ya madereva wa njia hiyo ni rahisi: maji yakipita, zima gari na usubiri. Mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Wanaopoteza magari, na wakati mwingine maisha, ni wale waliokuwa na haraka ya saa hizo chache.

Ufukweni na mlimani

Mwambao wa ziwa umefunikwa na ganda jeupe la magadi linaloonekana gumu kama sakafu. Chini yake ni tope. Gari liachwe mbali, na watu watembee na kijana mwenyeji wa Ngaresero anayejua mahali panapobeba uzito.

Ganda hilo hilo ndilo linalolinda heroe wadogo, au flamingo kama wengi wanavyowaita. Natron ndiyo sehemu pekee ya kutegemewa ambako heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana, na inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wamezaliwa hapo. Hujenga viota katikati ya ziwa kwa sababu wanyama wanaowawinda hawawezi kupita kwenye tope na magadi. Kuwasogelea kwa kelele, au kwa vyombo vinavyoruka na kupiga picha, ni kuuondoa ulinzi huo.

Eneo hili lilitambuliwa kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2001.

Kusini mwa ziwa umesimama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa lugha ya Kimaasai, mlima pekee duniani unaojulikana kutoa lava ya aina ya magadi katika zama hizi. Mitetemeko ya Julai 2007 ilisikika hadi Arusha na Nairobi, na Septemba mwaka huo mlima ulilipuka na kurusha majivu. Wapandaji huanza usiku wa manane kukwepa joto. Ni wajibu wao kuuliza kwanza hali ya mlima ikoje wiki hiyo.

Kabla ya kuwasha gari

Msimu unaofaa ni Juni hadi Oktoba. Ushuru wa halmashauri na ada za uhifadhi hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, hivyo ni vema taratibu zikamilishwe mjini, kwani mtandao wa simu hukatika njiani. Ndugu mmoja anayebaki aachiwe maandishi: njia, siku ya kurudi, na saa ambayo ikipita bila simu aanze kuulizia. Kwa upande wa Loliondo, hospitali ya kutegemewa ni ya Wasso.

Njiani, magofu ya Engaruka yanastahili kusimama. Wakulima walioishi hapo kati ya karne ya 15 na ya 18 walijenga mifereji ya mawe kutoka ukingo wa bonde na kulisha maelfu ya watu katika nchi hii kavu. Waliweza kwa sababu walijua kila tone lilikotoka na lilikokwenda.

Msafiri wa leo atakaa siku tatu tu. Hesabu yake, hata hivyo, ni ile ile.