Programu ya Mradi Ipimwe na Mtunza Stoo

Ofisi nyingi zikitafuta programu ya kusimamia miradi huuliza ipi ina mambo mengi. Swali la maana zaidi ni nani ataijaza. Chukua ujenzi wa madarasa katika kata kama Majengo, Manispaa ya Sumbawanga, kwa utaratibu wa force akaunti, ambapo shule yenyewe hununua vifaa na kuingia mkataba na fundi. Kuna kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mvua za eneo hilo la Ufipa huanza karibu na Novemba, na boma lisilopauliwa huloa. Wa kwanza kujua kwamba mbao za kenchi hazijafika ni mtunza stoo. Programu asiyoweza kuifungua kwenye simu yake itaendelea kuonyesha kuwa mambo yanakwenda vizuri.

Itasemwa kwamba Serikali imeshaleta mifumo: PlanRep ya mtandaoni na FFARS tangu 2017, kisha NeST ya manunuzi mwaka 2023. Ni kweli, na haiepukiki. Lakini hiyo ni mifumo ya bajeti, hesabu na zabuni. Itaonyesha saruji imelipiwa, haitamtaja anayepaswa kufuatilia mbao kesho asubuhi. Wengine watatetea kundi la WhatsApp, na wana hoja, maana kila mtu yumo. Ila ujumbe wa “nondo zimepungua” ulioandikwa asubuhi, ikifika jioni umeshafunikwa na salamu za pole na picha za harusi, na hakuna aliyekabidhiwa kazi kwa jina.

Trello, iliyoanza 2011, huziba pengo hilo: kila kazi ni kadi yenye mhusika na tarehe, ikihamishwa kutoka “bado” hadi “imekwisha”. Microsoft Project hufaa barabara yenye mamia ya kazi zinazosubiriana na mhandisi mmoja wa kuzipanga. Kwa madarasa mawili ni mzigo. GanttProject ni ya bure na haihitaji intaneti, ila kwa kawaida faili hubaki kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Mahali ambapo umeme hukatika, hata jedwali la Excel lililochapwa na kubandikwa ukutani si aibu. Kabla ya kulipia chochote, programu ijaribiwe wiki mbili kwa kazi ndogo, tuseme matundu ya choo, kisha itazamwe nani amejaza bila kukumbushwa. Akiwa ni katibu wa kamati peke yake, itafutwe nyingine.